Je, Mtoto Naye Aulizwe?

Neno ninalowaandikia leo lilianza barazani, nami ningaliliacha lipite kama mengine ya barazani yapitavyo, lakini limekataa kuniacha. Binti mmoja niliyemfundisha kusoma na kuandika, ambaye sasa yuko Dar es Salaam akisomea kazi ya ustawi wa jamii, alirudi kwao kwa likizo akaja kutuamkia. Jua lilikuwa limekwisha kupunguka, nasi tulikuwa watu watano tumekaa mbele ya nyumba. Baada ya shikamoo na kuulizana habari za safari, mzee mmoja, ambaye ni mzee wa kanisa letu na mtu wa kusikilizwa, akamwuliza, "Na huko chuoni, mwanangu, mwafundishwa nini hasa?"

Binti akajibu ya kuwa muhula ule walifundishwa sera na sheria za ustawi wa mtoto. Akatueleza kidogo. Akasema kwamba afisa aendapo kumtazama mtoto anayelelewa na jamaa au na mtu mwingine, haimpasi kuondoka kabla hajakaa na mtoto yule peke yake, mbali na wakubwa wake, akamwuliza mwenyewe jinsi anavyoishi.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mwafundishwa kutushuku."

Binti hakujibu. Si kwamba alikosa la kusema, bali kwetu mtoto habishani na mzee mbele ya watu. Na mimi, ambaye ningaliweza kumsaidia, nikajitia kumimina chai.

Kwanza nataka kumpa mzee haki yake, maana neno lake si la mtu mwovu. Yeye na mkewe walilea watoto sita ambao hawakuwazaa. Watatu waliachwa yatima na dada yake, na wengine waliletwa na mashaka ya namna nyingine. Hakuna serikali iliyompa senti, wala chuo kilichompa cheti. Katika miaka ile ya msiba wa UKIMWI nyumba nyingi za nchi hii zilijaa wajukuu, na mabibi waliokwisha kuchoka wakaanza tena kazi ya kuamka usiku. Kama si desturi hii ya kumpokea mtoto wa ndugu, watoto wale wangalikwenda wapi? Hata makao ya watoto yangalikuwa mengi, hakuna mtoto apendaye kulelewa kwa zamu. Sasa mtu wa namna hii akisikia ya kuwa kijana wa miaka 22 atafika nyumbani kwake na daftari, amtoe mtoto nje, amwulize maneno ambayo yeye hayasikii, sharti aone uchungu. Tena liko la kuogopwa zaidi. Walezi wakiona kwamba malipo ya wema ni kuchunguzwa, kesho watafunga milango, na yatima atabaki njiani.

Na sisi tulio Wakristo tumefundishwa kumdhania jirani mema. Basi swali langu ni hili, nami naliona gumu: je, yawezekana kumpenda jirani, na papo hapo kukubali moyoni ya kuwa huenda anamtesa mtoto aliye nyumbani mwake?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue wanayofundishwa hawa vijana, maana wengi wetu twalaumu tusiyoyasoma. Sera ni nia ya serikali iliyoandikwa. Sheria ni amri. Mwaka 1991 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliofanywa mwaka 1989, na mwaka 2003 ikaridhia ule wa Afrika wa mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo, yaani mwaka 1996, ilitolewa Sera ya Maendeleo ya Mtoto, ikaandikwa upya mwaka 2008. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009, ambayo ilifuta sheria kadha wa kadha za zamani, kama ile ya kuasili watoto na ile ya makao ya watoto, ikayakusanya mambo yake mahali pamoja. Wenzetu wa Zanzibar walitunga yao mwaka 2011. Mwanafunzi wa kazi hii hana budi kuyajua hayo yote kwa tarehe na kwa vifungu. Nami kwa kuwa ni mwalimu najua ya kuwa wengi huyakariri kama tulivyokariri majina ya mito, wakayaacha mlangoni pa chumba cha mtihani.

Walakini viko vifungu viwili ambavyo ningependa kila nyumba ivijue. Kifungu cha 11 chasema ya kuwa mtoto ana haki ya kutoa maoni yake, na kusikilizwa, na kushirikishwa katika maamuzi yahusuyo ustawi wake. Na kifungu cha 95 chasema ya kuwa mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo akataa kumpa mtoto chakula, makazi, mavazi, matibabu, elimu na hata nafasi ya kucheza, ana wajibu wa kuiarifu serikali ya mahali pale. Angalieni neno lile, "mwenye uwezo." Umaskini haukufanywa kosa. Bibi anayempa mjukuu wake uji mtupu kwa kuwa hana kingine hakushtakiwa na kifungu hiki. Angalieni pia kwamba sheria haikusema "afisa," imesema mtu yeyote.

Tuliporudi barazani siku ya pili, mzee hayupo, binti alituambia ya kuwa kifungu cha 11 alikikariri mapema lakini hakukielewa mpaka aliposoma kisa cha mtoto mmoja aliyefia Uingereza. Mtoto mwenyewe alitoka Afrika, katika nyumba kama zetu. Nikaitafuta habari ile nikaisoma, nami nawasimulia kama nilivyoikuta.

Victoria Climbié alizaliwa mwaka 1991 karibu na Abidjan, katika nchi ya Kodivaa, Afrika ya Magharibi. Mwaka 1998 shangazi wa baba yake, aliyekuwa akikaa Ufaransa, alifika kwao akaomba apewe mtoto mmoja akamsomeshe Ulaya. Wazazi wakafurahi. Msomaji, ni nani kati yetu ambaye hangefurahi? Ndugu aliyefanikiwa mjini akija na kusema, "Nipeni huyu nikamsomeshe," twamwosha mtoto, twamnunulia viatu, twamshukuru Mungu. Mtoto akapelekwa Ufaransa, na mwezi wa Aprili 1999 akafikishwa London kwa pasipoti yenye jina la mtoto mwingine. Katika Uingereza hakuingia shule hata siku moja. Tarehe 25 Februari 2000 alikufa, umri wake miaka 8, na daktari aliyeuchunguza mwili wake alihesabu majeraha na makovu 128. Yule bibi na mwanamume aliyekaa naye walihukumiwa kifungo cha maisha mwezi wa Januari 2001.

Ni habari ya kutisha, lakini waovu wako kila nchi, na kama kisa hiki kingekuwa cha waovu wawili tu kisingefundishwa vyuoni. Kinafundishwa kwa sababu ya watu wengine wote. Maana mtoto huyu hakufichwa. Serikali ya Uingereza iliunda baraza la uchunguzi chini ya Lord Laming, na ripoti yake ya Januari 2003 ilionyesha ya kuwa idara nne za ustawi wa jamii, hospitali mbili, na vikosi viwili vya polisi wa kulinda watoto walipata habari zake, na ya kuwa zilikuwapo nafasi 12 ambazo angaliweza kuokolewa. Afisa aliyekabidhiwa shauri lake alimwona mara nne tu, na ukijumlisha muda wote haukufika nusu saa. Katika muda kama huo huwezi kujua hata chakula akipendacho mtoto. Mlezi ndiye aliyesema, na mlezi ndiye aliyesikilizwa. Kanisani nako alipelekwa akaombewa, ikidhaniwa kwamba amepagawa na pepo.

Lakini jambo lililonikamata mimi ni dogo kuliko hayo. Alipolazwa hospitali mwezi wa Julai 1999, wauguzi walimpenda. Alipewa nguo nzuri, akawa anazungukazunguka wodini akicheza. Mlezi wake alipofika, alikuwa mtoto mwingine: alisimama wima mbele yake kama askari mbele ya mkubwa wake. Wauguzi wengine waliona ya kuwa hawa si kama mama na mwana, bali kama bwana na mtumwa. Na bado walikuwako watu waliodhani kwamba kusimama kule ni heshima tu, ni desturi ya watu weusi, ndivyo watoto wao wanavyosimama mbele ya wakubwa.

Nilipofika hapo niliacha kusoma, nikatoka nje. Desturi yetu, ambayo twajivunia, ilikuwa sababu ya watu kutomwuliza mtoto yule.

Fikirini basi. Mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Mwenye hofu naye huinamisha. Mwenye adabu huitika aitwapo. Mwenye hofu huitika kabla hujamaliza jina lake, lakini mgeni hawezi kuipima tofauti hiyo. Wote wawili hawasemi mpaka wasemeshwe. Wote wawili wakiulizwa mbele ya mlezi kama hawajambo, watasema hawajambo. Mkubwa akiondoka, mtoto wa adabu hubaki kama alivyokuwa, ila atacheka zaidi kidogo. Mtoto wa hofu hugeuka, kama Victoria alivyogeuka wodini. Basi afisa atawapambanuaje, ikiwa siku zote awaona mlezi akiwapo? Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwanafunzi yule afundishwa kumwona mtoto peke yake. Haisemwi ya kuwa kila mlezi ni mbaya. Yasemwa tu ya kuwa sebuleni mtoto anayelelewa vema na mtoto anayeteswa wana sura moja.

Sasa narudi kwa neno la mzee. Naona ya kuwa kushuku na kuuliza si kitu kimoja. Anayeshuku amekwisha kuhukumu moyoni, anatafuta ushahidi tu. Anayeuliza hajahukumu bado. Na wale wa London ambao hawakumwuliza mtoto, msidhani ya kuwa hawakuhukumu. Walihukumu ya kuwa yu salama. Kumdhania jirani mema ni jambo jema nikilipa gharama yake mimi mwenyewe: akinikopa asinilipe, hasara ni yangu, nami naweza kumsamehe. Lakini nikimdhania mema juu ya mtoto aliye mikononi mwake, na dhana yangu ikawa ya uongo, anayelipa si mimi. Nimefanya ukarimu kwa mali ya mtu mwingine. Na yule mtoto, je, yeye si jirani yangu?

Ingekuwa rahisi kuishia London, mbali na kwetu. Miaka kadha iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, alikuwako msichana wa darasa la nne aliyeletwa kutoka wilaya nyingine akae na mama yake mdogo. Alikuwa akichelewa. Kanuni za viboko mashuleni za mwaka 2002 zilisema ya kuwa viboko visizidi vinne, visipigwe ila na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike isipokuwa hayupo shuleni, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi nalikuwa na idhini, na mwalimu wa kike hatukuwa naye. Nilimpiga viwili, nikaandika. Juma lililofuata viwili tena, nikaandika. Mara ya tatu, vitatu. Kitabu changu kilikuwa safi. Mkaguzi yeyote angalikisifu. Mtoto alisimama wima, hakulia, akasema, "Asante, Mwalimu," kama tulivyowafundisha. Nami nilimsifu moyoni kwa adabu yake.

Siku moja mama mmoja auzaye mboga karibu na shule akaniambia, pasipo mimi kumwuliza, ya kuwa mtoto yule huamka saa tisa za usiku kuchota maji na kukaanga maandazi, kisha huyapeleka kituo cha mabasi kuyauza, na yakiisha ndipo aje shuleni. Watu wengi walijua. Mama yake mdogo alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa watu, na hakuna aliyetaka kuleta maneno. Nilipoazimia kumwita mtoto nimwulize, alikuwa amekwisha kuacha shule. Ilisemekana amerudishwa kwao. Sikumfuata kuhakikisha.

Sikuwa na haja ya kumshuku mama yake mdogo. Nilikuwa na haja ya maneno matatu tu, "Mbona wachelewa, mwanangu?" nikiwa nimekaa, na fimbo iko mbali. Kanuni zote nilizishika, na mtoto sikumwona. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 mpaka 24, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha ya kuwa karibu robo tatu yao walipata kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18, na miongoni mwa waliotajwa kuwaumiza ni jamaa zao na walimu. Zamani nikisoma habari kama hizi naliwafikiria watu wengine.

Je, kuona huku kwaweza kufundishwa darasani? Mzee alidhani ni jambo la moyo tu. Mtu ana huruma au hana. Binti alitusimulia ya kuwa siku moja mkufunzi wao aliwapanga wanafunzi watatu mbele ya wenzao. Mmoja akawa mama, wa pili mtoto, wa tatu afisa aliyefika kuwatembelea. Afisa akabisha hodi, akapewa kiti na soda, akaandika maneno yote ya mama, akashukuru, akaaga. Wanafunzi wakampigia makofi, maana alikuwa na heshima na mwandiko mzuri. Mkufunzi akawauliza, "Mtoto alikuwa amekaa wapi?" Hakuna aliyejua. Wanafunzi wote wale, wenye huruma na wasio nayo, walimtazama mama. Nadhani somo hilo moja lina faida kuliko vifungu hamsini, ingawa bila vifungu afisa akifika mlangoni hana amri ya kuingia.

Akaongeza jambo lililonitia woga kidogo. Alisema, wamefundishwa ya kuwa mtoto asiulizwe na mtu ambaye hatakubali kuchukua mzigo wa jibu lake. Mtoto akikwambia yaliyo moyoni, kisha ukafunga daftari ukapanda basi, umemwacha katika nyumba ile ile, na safari hii mlezi anajua ya kuwa amesema. Kwa hiyo sharti pawe na mtu wa karibu atakayepita kesho na kesho kutwa. Nikamwuliza, "Nanyi maafisa mtatosha?" Akacheka. Afisa mmoja ana kata nyingi, na mara nyingi nauli hana. Ndipo nikakikumbuka kile kifungu cha 95. Anayeweza kupita kesho ni yule muuza mboga, na mwalimu, na mama wa kwaya mwenzake, na mzee wa kanisa. Na wakiona neno, liko la kufanya: iko ofisi ya mtendaji wa kijiji, yuko afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na iko namba ya simu 116 kwa habari za watoto.

Juma lililopita nilikwenda kwa yule mzee nikamsomea habari ya Victoria, nusu kwa kusoma na nusu kwa kueleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza muda mrefu, mkewe akaacha kupembua mchele. Kisha akasema, "Wangekuja kwangu katika siku zile, Mwalimu, ningeumia. Lakini ningewapa kiti." Akafikiri tena, akaniuliza, "Na wewe wale wako wa shuleni umewauliza?"

Nilimwambia nitaanza Jumatatu. Jumatatu nikamwita mvulana mmoja wa darasa la tatu ambaye husinzia, nikamkalisha karibu nami chini ya mwembe, kitabu cha adhabu nimekiacha ofisini. Nikamwuliza jana usiku alilala saa ngapi, na wapi, na alikula nini. Alinitazama sana usoni, kisha akayatazama mikono yangu, akasema, "Mwalimu, nimekosa nini?"